Namba Nane ya Turubai

Kila mwaka, ligi ya Jumapili ilipomalizika mwezi wa Novemba, jezi zote za timu ya Turubai zilirudi kwa Bakiri zikiwa zimefungwa ndani ya shuka moja. Bakiri alikuwa fundi cherehani wa Mayfair, mtaa mmoja wa Johannesburg, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye miwani iliyokazwa kwa uzi mweusi upande mmoja. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la Msomali aliyeuza mablanketi, na mlango wake ulifungukia uchochoro uliopitwa na watu wengi waendao msikitini. Alizifua jezi kwa mkono, akazipiga pasi, akazitundika. Kisha alingoja kuambiwa nani anaondoka na nani anakuja. Namba ya anayeondoka aliifumua uzi kwa uzi. Ya anayekuja aliishona upya. Mafundi wa katikati ya jiji walibandika namba kwa gundi na pasi ya moto. Yeye hakukubali. Alisema namba ya gundi hubanduka pale mchezaji anapotoka jasho la kweli.

Kwa sababu hiyo washabiki wa Turubai walikuwa na desturi ambayo sikuiona kwa timu nyingine. Hawakusubiri tangazo la viongozi kuhusu usajili. Walikwenda kuitazama meza ya Bakiri. Jezi iliyolazwa kifudifudi na mkasi mdogo juu yake ilikuwa ya mchezaji anayeachwa. Iliyokunjwa vizuri pembeni ilikuwa ya anayebaki. Nje ya mlango paliwekwa benchi refu, na kuanzia Desemba hadi Jumapili ya mwisho ya Januari, siku ambayo orodha za timu zilifungwa, benchi hilo halikukosa watu.

Benchi hilo sasa halipo. Naandika jinsi lilivyoondoka, kwa sababu mara nyingi nimesikia habari hii ikisimuliwa kwa kicheko, na Bakiri mwenyewe hakuwahi kuicheka.

"Beki wa kulia yuko mezani," alitangaza Shehe siku moja mwanzoni mwa Desemba ya mwaka 2011. Kichwa chake kilikuwa kimeingia mlangoni na mwili umebaki nje. Shehe alikuwa Mzanzibari, mwuza mikanda na soksi katikati ya jiji, na kwa maneno hakuwa na mpinzani pale uchochoroni.

"Gaston?" wakauliza wa kwenye benchi.

"Namba mbili. Kalala kifudifudi, vilevile alivyokuwa akilala uwanjani."

"Msimseme Gaston," alisema Capitoline. Huyu alikuwa mama wa Kirundi aliyepanga nyanya na vitunguu kando ya kituo cha teksi za jijini, na kwenye mambo ya mpira alikaa juu ya kreti lake mwenyewe, kwa kuwa benchi, alisema, lilijaa wanaume wasiojua kusogea. "Gaston amepata mtoto. Usiku halali."

"Ndiyo maana analala Jumapili, mama. Sisi tumemwelewa."

"Anakwenda wapi?" aliuliza mwingine.

"Kwa Wamalawi. Tunabadilishana. Wao wanatupa kipa, sisi tunawapa Gaston."

"Eish. Wamalawi wamemkosea nini Mungu?"

"Na huyo kipa wao, ana mikono?"

"Anayo miwili. Nimeiona mimi mwenyewe. Kuitumia ndiyo sijaona."

Hata Capitoline alicheka hapo, akifunika mdomo kwa kitenge. Bakiri alikuwa ndani, mguu kwenye pedali, akitabasamu bila kuinua macho. Siku hizo ndizo alizozipenda kuliko siku za mechi zenyewe. Mechi ilikwisha na mtu akarudi nyumbani na matokeo yake, mabaya mara nyingi. Lakini katika wiki hizi kila timu ilikuwa bado haijafungwa, na mtu aliyeshinda siku nzima akifukuzwa na askari wa manispaa kutoka kona moja hadi nyingine aliweza kukaa jioni akaamua nani acheze na nani aachwe.

Inafaa nieleze timu yenyewe ilitoka wapi. Mwezi wa Mei mwaka 2008, wageni walipofukuzwa katika vitongoji vingi vya Johannesburg, Bakiri alikuwa akiishi kitongoji cha upande wa mashariki, katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya watu. Chumba kilichofuata kilikuwa cha kijana wa Kirundi aliyeitwa Égide, ambaye hadi siku hiyo walikuwa wakisalimiana tu. Usiku wa fujo Bakiri alikimbia na nguo alizovaa. Alipofika barabarani aligeuka akamwona Égide akija nyuma yake, begani amebeba kichwa cha cherehani. Kijana alikuwa ameingia chumba cha Bakiri badala ya kuingia chake. Begi lake, vyeti vyake vya shule na picha pekee ya mama yake viliungua pamoja na chumba.

Bakiri alimwuliza kwa nini. Égide alijibu kwamba aliona mashine ndicho kitu kilichokuwa na kazi. Hakulizungumza jambo hilo tena, na Bakiri hakuacha kulifikiria.

Wote wawili walihifadhiwa kambini, katika hema kubwa la turubai la buluu, Waswahili wa Tanzania na Warundi pamoja, kwa sababu walioandika majina walisikia lugha moja wakadhani ni watu wamoja. Wakawa hivyo. Waislamu waliposali Ijumaa, Wakristo waliwalindia viatu. Wakristo walipoimba Jumapili, Waislamu walikaa mlangoni kuzuia wezi. Mchana vijana walicheza mpira kati ya mahema, na Égide aliwazidi wote. Kambi ilipofungwa kila mtu akaenda kutafuta chumba, lakini timu ikabaki, jezi zake zikawa za buluu, na namba nane ikawa ya Égide. Mwaka hadi mwaka Bakiri alizifumua namba nyingine zote. Nane ilibaki na uzi wake wa kwanza.

Basi katikati ya Desemba hiyo ya 2011 ilikuja habari kwamba timu ya Mlimani, ya kule mtaa wa Observatory, inamtaka namba nane. Habari aliileta Shehe, na kwa mara ya kwanza hakuitilia chumvi.

"André ameonekana kwenye geti analofanyia kazi Égide," alisema. André alikuwa mwenyekiti wa Mlimani, Mkongo mwenye viatu vya kung'aa, na ilijulikana kwamba akimfuata mchezaji hashindwi. Kanuni ya ligi ilikuwa wazi: mpaka Jumapili ya mwisho ya Januari mchezaji alikuwa huru, na mtu yeyote aliruhusiwa kuzungumza naye.

Hakuna aliyetania. Bakiri alisimamisha cherehani, akaitazama jezi namba nane iliyokunjwa pembeni ya meza, akaisogeza mbali zaidi na mkasi.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, washabiki sita saba walisimama karibu na ngazi za msikiti, viatu bado mkononi, na Bakiri akatoa shauri. Aliwaambia kwamba zamani, akiwa kijana kule Tanga, timu ya mtaa wao ilikuwa na winga hodari, na watu wa mjini Dar es Salaam wakaja kumtazama. Mtaa mzima ukakubaliana kumponda. Kila aliyeulizwa alisema winga yule ana ugonjwa wa pumu, mlevi, mvivu. Wageni wakaondoka na gari lao tupu.

"Tumponde Égide," alisema Bakiri. "Mpaka orodha zifungwe. Kila mtu, kila mahali. Asiyetakiwa na watu wake, nani atamtaka?"

"Goti," alisema Shehe papo hapo. "Pumu imepitwa na wakati. Tuseme goti."

"Goti la kushoto."

"Lolote, babu. Likiwa moja wote tuseme moja."

Wakakubaliana goti la kushoto. Mmoja aliuliza kama Égide aelezwe. Bakiri alisema ataelezwa, bila shaka, akionekana. Lakini Égide Ijumaa alikuwa kazini, na wenzake Warundi hawakuwa na la kuwaleta msikitini. Wangeelezwa Jumapili. Jumapili hiyo ilinyesha mvua ya mawe, mazoezi yakavunjika. Iliyofuata ilikuwa Krismasi. Kila aliyekuwa pale kwenye ngazi aliamini kwamba mwingine ameshamweleza.

Kazi ya kuponda, kwa upande wake, haikungoja mvua ipite. Shehe aliifanya kwa mapenzi. Alipokuwa akipanga soksi zake jijini aliwaambia wateja kwamba Égide siku hizi akipiga kona, anakaa chini kusubiri mpira ufike. Alisema kivuli chake kimeomba kusajiliwa kwingine. Wengine waliongeza yao: kwamba daktari amesema basi, kwamba timu inamweka kwa huruma. Maneno yakatoka Mayfair yakafika Yeoville, na kila yalipopita yalipoteza kicheko kidogo, hadi yalipofika mbali yakawa habari ya kawaida ya mtu anayeumwa.

Siku chache kabla ya mwaka mpya André mwenyewe aliingia kwenye chumba cha Bakiri akiwa na suruali ya kijivu mkononi.

"Fundi, hii inanikimbia kiunoni. Fupisha na huku chini."

Bakiri alimsimamisha juu ya stuli na kuanza kumchomeka pini. Capitoline naye alikuwepo, amesimama karibu na dirisha na sketi za kwaya ya kanisa lao mikononi, akisubiri zamu.

"Na namba nane wenu," alisema André, akitazama ukuta. "Nasikia mnamwacha?"

Bakiri alikuwa na pini mbili mdomoni. Alizitoa kwanza. "Tungependa kumwacha. Hatujapata wa kumchukua."

"Ajabu. Mimi nilidhani mnampenda."

"Goti limekwisha. Mpira wa huruma una mwisho wake, mwenyekiti. Tunahitaji mtu wa kukimbia."

André alimtazama kutoka juu ya stuli, kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe lilivyostahili. "Haya," alisema. "Ninyi ndio mnaomjua."

Kitambaa kilianguka. Capitoline alikuwa ameweka sketi juu ya kiti, na moja ikateleza sakafuni, hakuinama kuiokota. Alitoka. Bakiri aliinua mkono kumwita, kisha akaushusha, kwa sababu André alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mguu wa pili wa suruali umejaa pini, na lolote ambalo Capitoline angeambiwa, André naye angelisikia. Akajisemea kwamba mama huyu ana miaka mingi kwenye mpira, ataelewa mwenyewe. Akaokota sketi, akaikung'uta, akaendelea na kiuno cha André.

Januari ikaingia. Shehe alianza kuhesabu ushindi. Mlimani, alisema, wamesajili kiungo mwingine, Mkongo wa Yeoville mwenye mashuti, na hawamwulizi tena Égide. Benchi likapiga makofi.

"Fundi, wewe ungekuwa waziri," alisema mmoja.

"Wa uongo?"

"Kwani kuna wizara nyingine?"

Lakini Égide hakuwepo kwenye mazoezi. Wala Gaston, aliyekuwa bado hajaenda kwa Wamalawi, wala Firmin, kipa wa akiba. Kreti la Capitoline lilikuwa limeondolewa. Mwanzoni Bakiri aliwaza sikukuu, kazi, watoto. Kisha akagundua kwamba benchini hapakuwa na Mrundi hata mmoja, na kwamba alikuwa amelitazama benchi lile siku kadhaa bila kuliona hilo. Siku ya Jumatano katika wiki ya mwisho alifunga chumba mapema, akapanda teksi hadi Yeoville, akateremka kwenye roboti, yaani taa za barabarani, na kupanda kilima cha Observatory kwa miguu.

Égide alikuwa mtunza bustani na mlinzi wa geti katika nyumba iliyozungukwa na miti mirefu. Alikuwa akifagia majani yaliyoangushwa na mvua. Alipomwona Bakiri aliweka fagio chini, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona huonekani?"

"Niko. Kazi tu."

"Na mazoezi?"

"Goti, mzee."

Bakiri alicheka, akidhani anataniwa. "Goti lipi? Hilo goti tumelitunga sisi."

Égide hakucheka. Alivuta kiti cha plastiki cha mlinzi, akakipangusa, akakipitisha juu ya geti, akampa mzee akae. Yeye akabaki amesimama upande wa pili wa geti, vyuma kati yao, kwa sababu wenye nyumba hawakuruhusu afungulie wageni. Bakiri akaeleza yote: Mlimani, winga wa Tanga, kuponda, goti la kushoto. Alieleza kwa mpangilio, kama mtu anayekunjua kitambaa ili mteja aone hakina tundu. Kila alipofika mahali pa kuchekesha alingoja kidogo, kisha akaendelea.

"Nilidhani ni mchezo," alisema Égide mwishowe. "Si siku ya kwanza. Siku ile Capitoline alipokuja kunieleza, sikulala. Halafu nikafikiri, hapana, mzee Bakiri hawezi kusema hivyo. Wana jambo lao. Nikasubiri mtu aje aniambie. Nikafikiri, Jumapili hii atakuja. Halafu nikafikiri, labda ile nyingine."

"Kila mtu alidhani umeshaambiwa."

"Ndiyo."

"Tulikuwa tunakulinda, Égide. André angekuchukua."

"André alikuja hapa mwezi wa kumi na moja. Alisimama palepale ulipokaa. Nikamwambia hapana."

Bakiri aliondoa miwani.

"Nilimwambia mimi nimetoka kwenye hema na hawa watu. Akasema sawa, akaenda. Yamekwisha."

"Hukutuambia."

"Ningewaambia nini, mzee? Kwamba nimebaki? Nilikuwa nipo."

Bakiri aliuliza kama basi atarudi Jumapili, orodha hazijafungwa bado, jezi iko pembeni, haijaguswa.

"Mlikaa lini, mlipopanga?" Égide aliuliza badala ya kujibu.

"Ijumaa. Baada ya sala."

"Ijumaa." Alilirudia neno bila kupandisha wala kushusha sauti. "Kule hemani, mkiwa mnasali Ijumaa, mimi ndiye niliyekaa na viatu vyenu. Nilijua kila kiatu cha nani. Chako kilikuwa na kamba ya rangi mbili."

"Nakumbuka."

"Mimi sikukasirika, mzee. Usifikiri. Lakini Gaston amechoka, na Firmin amechoka, na wao hawataki kusikia habari ya mchezo. Wanasema Waswahili wamekaa wakatuuza bila sisi. Niliwaambia si kuuza. Wakaniuliza, ni nini?" Aliokota fagio. "Jumapili iliyopita nilikwenda kwa André kumwomba nafasi. Amenipa kwa akiba tu. Anasema kiungo amekwisha kumpata, na goti langu anaogopa."

"Nitakwenda kwake. Nitamwambia goti ni uongo."

"Linauma, mzee."

"Nini?"

"Goti. La kushoto. Kila ninayekutana naye ananiuliza habari yake, hata kanisani wameliombea. Sasa nikipanda kilima nalisikia. Sijui limetoka wapi."

Bakiri alibaki kwenye kiti cha plastiki mpaka gari la wenye nyumba lilipopiga honi nyuma yake na Égide akakimbia kulipokea. Alikimbia akichechemea kidogo.

Bakiri alikwenda kwa André hata hivyo, na André alimsikiliza kwa adabu. "Fundi," alisema, "ulipokuwa umeniweka juu ya stuli ulisema goti limekwisha. Leo unasema ni zima. Kesho nikimpanga akianguka, nitamwamini Bakiri yupi?" Alikwenda pia kwa Capitoline, kando ya kituo cha teksi. Capitoline alimwuzia nyanya, akazipima vizuri, akaongeza moja juu, na kwa kila alichoeleza alijibu, "Nimesikia, fundi." Hakumwita tena kwa utani, wala hakumnyima chochote.

Jumapili ya mwisho ya Januari, Turubai ilifunga orodha yake bila Mrundi hata mmoja. Nafasi zilijazwa na vijana wapya wa Tanga na Dar es Salaam waliofika Johannesburg baada ya 2008, na ambao waliuliza kwa nini timu nzuri iitwe jina la turubai. Viongozi walimpa namba nane mmoja wao, kijana mpole, mwenye mguu wa kushoto mzuri. Bakiri aliilaza jezi kifudifudi. Wale wa kwenye benchi waliona mkasi. Shehe alisimama akasema anakwenda kuangalia mzigo wake, ingawa jioni ile hakuwa na mzigo. Uzi ule wa kwanza ulikuwa umeshikana na kitambaa, na kufumua kulichukua muda. Chini ya namba rangi ya buluu ilikuwa bado nzito, kama ya siku ilipotoka dukani. Jezi nyingine yote ilikuwa imepauka.

Wiki iliyofuata André alituma jezi mpya za Mlimani, za kijani, zishonwe namba. Kwa nini alizituma kwa Bakiri wakati mafundi wa gundi walikuwa wengi jijini, sijapata kujua. Aliyezileta alikuwa Capitoline.

"Ya Égide ni ipi?" Bakiri aliuliza.

"Kumi na tisa. Nane ina mwenyewe."

Akaishona kumi na tisa kwa cherehani ileile, mara mbili, akirudi juu ya mshono wake. Capitoline alisimama karibu na dirisha mpaka akamaliza, akaikunja mwenyewe, akaondoka nayo na nyingine.

Timu hizo zilikutana mwezi wa Machi, kwenye uwanja ulio bondeni chini ya Observatory. Washabiki wa Turubai walikuwa wengi siku hiyo, wengi wao wageni kwa timu. Mlimani walikuwa wakiongoza kwa mabao mawili, na dakika zikiwa zimebaki chache André alimwinua Égide kutoka kwenye benchi la akiba. Alipokanyaga mstari tu, sauti ilianza nyuma ya Bakiri, ya mtu mmoja, kisha kumi, kisha upande mzima.

"Goti! Goti! Goti!"

Waliimba kwa furaha, wakipiga vuvuzela walizobaki nazo tangu Kombe la Dunia. Shehe alikuwa miongoni mwao ila hakuimba. Alikuwa akitazama viatu vyake. Bakiri aligeuka, akamshika mkono kijana aliyekuwa akiongoza wimbo, aliyeitwa Yasini, ambaye hakuwa na mwaka mzima mjini.

"Acheni hiyo," alisema. "Huyo ni wetu."

"Wetu? Kavaa kijani, mzee."

"Hana goti wala nini. Ni uongo."

Yasini alimtazama kwa mshangao wa kweli, bila dharau. "Lakini Mzee Bakiri, si wewe uliyetuambia? Ulisema kila mtu aseme, kila mahali."

Bakiri alimwachia mkono. Wimbo ukaendelea. Kule uwanjani Égide alipokea mpira, akaugeuza kwa ule mguso wake wa zamani, akampita mmoja, na alipotaka kumpita wa pili goti likamkatalia. Alisimama, akautoa mpira pembeni, akashika paja kwa mikono miwili. Kelele ikazidi, kwa sababu sasa walikuwa wameona kwa macho.

Filimbi ilipolia wachezaji walipeana mikono. Égide alivuka mstari, akaja mpaka pale Bakiri alipokuwa amesimama, na vijana wa Turubai wakapisha njia, wengine bado wakicheka. Alikuwa amelowa jasho. Aliinamisha kichwa kidogo, kama alivyofanya siku zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema Bakiri.

Alitaka kuongeza neno. Égide alingoja, kwa heshima, muda wa kutosha. Kisha akageuka kuwafuata wenzake, na Bakiri akaona mgongoni mwake ile kumi na tisa, jezi imeganda mwilini kwa jasho, namba imekaa imara, haikubanduka hata pembe moja.

Desemba iliyofuata, jezi za Turubai zilipelekwa kwa fundi wa jijini. Bakiri mwenyewe aliwaomba viongozi wafanye hivyo. Benchi alimpa Msomali wa mablanketi, ambaye amelikata miguu na kulifanya rafu ya bidhaa.